Kampuni ya gari za spoti za kifahari iingieje kwenye umeme? Ferrari, Porsche na wengine

DerevaWaLami (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mijadala ya gari za umeme humu mingi inaishia kwenye sekunde za 0 hadi 100, na hapo ndipo ninapochoka. Kasi ya kuondoka siku hizi ipo kwa kila mtu. Kuna sedani za Kichina za watu watano zinazoondoka kwenye taa na kuiacha Ferrari ya miaka 15 iliyopita.

Sasa kampuni ambayo jina lake limejengwa juu ya injini, ikiamua kutengeneza gari ya betri, inaanzia wapi? Inamuuzia mteja nini ambacho hakipati kwa robo ya bei? Nataka mambo ya chini ya bodi: uzito, joto, gia, breki, sauti. Na kwa nini Porsche walianza na gari ya umeme ya milango minne, Taycan, ilhali 911 yao ya milango miwili wanayo?

La mwisho: anayezijua Taycan zilizotumika zinazotoka Japani na Uingereza aniambie pa kuangalia kabla ya kulipa.

---

VoltiMiaNane

Mkuu, nguvu iweke pembeni, hilo lilishakwisha. Rimac Nevera ina nguvu farasi 1,914 na imetoka kwa kampuni changa ya Kroatia isiyo na historia ya injini hata moja. Kazi ngumu ni kuhakikisha mzunguko wa nane uwanjani unapata nguvu ileile uliyoipata mzunguko wa kwanza. Hicho ndicho sedani za haraka zinachoshindwa, na hicho ndicho kampuni ya spoti inapaswa kuuza.

Tuanze na uzito. Betri kubwa ya Taycan ya 2019 ilikuwa na kWh 93.4 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), zinazotumika 83.7, seli 396 ndani ya moduli 33 (mafungu ya seli), na uzito wa kama kilo 630. Oktoba 2025 Ferrari walionyesha mitambo ya gari yao ya kwanza ya umeme pale Maranello, makao yao Italia, wakataja betri ya kWh 122 yenye karibu Wh 195 kwa kila kilo. Piga hesabu, unapata kilo 625 hivi. Miaka sita ya maendeleo ya seli, uzito wa betri umebaki palepale; faida yote imekwenda kwenye umbali. Kwa teknolojia hiyohiyo wangeweza kubaki na kWh 93 na kuokoa karibu kilo 150. Hawakufanya hivyo kwa sababu mteja wa bei hiyo hataki kuambiwa gari yake inaishia kilomita 400, na wao wameahidi zaidi ya 530. Gari nzima ina kama kilo 2,300. Tangi la lita 80 likijaa ni kilo 60 tu za petroli, na zinapungua njiani. Betri iliyokwisha ina uzito uleule wa betri iliyojaa.

Uzito huo unakudai kwenye breki. Chukua gari ya kilo 2,300 inayoshuka kutoka 200 km/h hadi 80 kuingia kona. Inabidi iondoe karibu megajuli 3, yaani kWh 0.83, na ukikanyaga kwa nguvu kazi inaisha ndani ya sekunde tatu na nusu. Wastani wake ni kW 850. Mota zikigeuka jenereta, Taycan ya 2019 iliweza kurudisha hadi kW 265 kwenye betri, ile iliyofanyiwa marekebisho 2024 hadi 400. Zinazobaki zote zinakwenda kwenye diski na pedi. Kwa hiyo anayesema gari ya umeme haihitaji breki kubwa anazungumzia barabara ya mjini.

Joto sasa. Joto linalozalishwa ndani ya seli linakua kwa kipeo cha pili cha mkondo: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ndiyo maana Porsche walikwenda volti 800 tangu gari ya maonyesho ya Mission E mwaka 2015. kW 270 za chaji kwa volti 800 ni ampea 340 hivi. Kwa volti 400 zingekuwa 675, na kebo ya kawaida ya chaji ya haraka inaishia 500. Faida nyingine ni nyaya nyembamba za shaba na inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendane na mota). Ferrari wamesogea hadi volti 880.

Ila volti haziondoi joto, zinalipunguza tu. Njia ya kawaida ni sahani za alumini chini ya moduli, zikipitishwa maji ya kupooza yanayounganishwa na mfumo wa kiyoyozi. Tatizo lake ni kwamba joto linazaliwa katikati ya seli na kwenye vichwa vyake (ncha za kuungia umeme), halafu sahani iko chini. Ukisukuma mizunguko minne mitano mfululizo, vichwa vinatangulia kupata moto, kompyuta ya betri inasoma seli moja iliyozidi wenzake na inakata nguvu ya pakiti nzima. Dereva anaona gari "imelala" wakati chaji iko 60%.

Dawa inayofanya kazi ni kupitisha mafuta yasiyopitisha umeme moja kwa moja kwenye seli na ndani ya mota, yagusane na shaba. Porsche waliijaribu kwenye gari za majaribio za mashindano, Mission R ya 2021 na kisha 718 Cayman GT4 ePerformance. Hii ya pili ilitoa kW 450 mfululizo kwa dakika 30, bila kushuka. Kwangu mimi namba hiyo ina maana kuliko nguvu farasi 1,000 za sekunde kumi. Gharama yake ni pampu, vichujio, uzito wa mafuta yenyewe, na kila maungio ya bomba yanakuwa mahali pa kuvuja.

Na usisahau upande wa baridi. Seli yenye nyuzi 10 ina ukinzani mkubwa na haikupi nguvu yote wala haipokei vizuri chaji ya breki. Gari ya spoti ya umeme lazima iwe na hali ya maandalizi inayopasha betri kwanza kabla ya kuingia uwanjani. Mtu akiruka hatua hiyo, mizunguko miwili ya kwanza breki ya kurudisha chaji inakuwa dhaifu na kanyagio linahisi tofauti kila kona.

---

MamaSpana

VoltiMiaNane kamaliza ya betri, nitie ya umbo, maana swali la milango minne jibu lake liko kwenye makalio ya dereva.

Pakiti ya sakafuni ina unene wa sentimita 12 hadi 15. Weka juu yake kiti, weka mtu, weka paa. Ferrari 296 GTB ina kimo cha sentimita 119 hivi. Taycan ina karibu 138, na hapo tayari wamefanya ujanja wa kuacha mashimo ndani ya betri kwenye nafasi ya miguu ya abiria wa nyuma, ili wakae chini na paa lisipande. Kwenye gari ndefu ya milango minne ujanja huo unawezekana kwa sababu kuna sakafu ndefu ya kutandaza moduli. Kwenye gari ya watu wawili sakafu ni fupi: ama unarundika betri kwenda juu ya kawaida, ama unamwinua dereva. Ukimwinua dereva, kila kitu alichokuwa anakipenda kwenye gari hiyo kimeondoka, hata kama kituo cha uzito kiko chini kuliko cha 911. Ndiyo maana umeme kwa kampuni hizi unaanzia kwenye sedani, GT (gari za kasi za safari ndefu) na gari za juu kama Macan ya Porsche.

Kuna njia mbili nyingine za kupanga betri ambazo zimeshafanyiwa kazi. Maserati GranTurismo Folgore ina pakiti yenye umbo la T: moduli zimepita kwenye handaki la katikati na kutanuka nyuma ya viti, kWh 92.5, hakuna kitu chini ya makalio. Bodi ikabaki na kimo cha kuridhisha, lakini gari bado ina kilo 2,260 na nafasi ya kuongeza betri haipo. Ya pili ni ile ya Mission R na Mission X ya Porsche, betri imesimamishwa nyuma ya dereva mahali ilipokuwa injini ya katikati. Uzito unakaa pale ambapo dereva wa gari ya injini ya katikati ameuzoea, na kiti kinashuka hadi sakafuni. Ubaya wake ni kwamba kituo cha uzito kinapanda kidogo na ukubwa wa betri unabanwa. Mimi ningechagua hiyo kwa gari ya viti viwili, na ningemwambia mteja wazi kwamba safari ndefu anunue nyingine.

Gia. Mota ikipewa gia moja lazima ichague kati ya kuondoka kwa kasi na mwendo wa juu. Taycan wakaweka gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, ya kwanza kama 15:1, ya pili kama 8:1, na mota inayofika mizunguko 16,000 kwa dakika. Inafanya kazi, ila ni sanduku lenye klachi, aktueta na mafuta yake, na likipiga kishindo kutoka ya pili kwenda ya kwanza kwenye mwendo mdogo abiria wanasikia kwa sababu hakuna injini ya kuficha. Ferrari wamekwepa kwa kuizungusha mota zaidi: 25,500 nyuma na 30,000 mbele, mota nne, kila tairi na yake. Kwa mzunguko huo sumaku zinataka kung'oka kwenye rota, kwa hiyo zinavishwa mkanda wa nyuzi za kaboni. Mota za mbele zinaachanishwa na magurudumu wakati wa mwendo wa kawaida ili zisivute bure.

Breki za barabarani zina tatizo la kinyume na alilosema mkuu hapo juu. Porsche wenyewe wanasema karibu 90% ya kusimama kwa kila siku kunafanywa na mota. Diski zinakaa bila kazi, zinapata kutu, pedi zinaota ugumu wa juu kama kioo, halafu siku ya dharura breki inakwaruza na kuvuta upande. Diski zilizopakwa tungsteni kabaidi au za kauri zinasaidia. Nyingine ni programu inayotumia pedi kwa makusudi mara kwa mara ili kufuta diski. Kazi ngumu zaidi ni kuchanganya breki ya mota na ya mafuta bila kanyagio kubadilika chini ya mguu. Ukikosea hapo hakuna mteja wa spoti atakayekusamehe, na wala hatajua kukueleza kosa liko wapi. Atasema tu "haina hisia".

---

Mkwezi_78

Sauti je? Spika inayoiga V12 (injini ya silinda 12) ni utapeli, tusidanganyane.

---

VoltiMiaNane

@Mkwezi_78 kuiga V12 nakubaliana nawe. Lakini kuna njia mbili tofauti na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya Hyundai Ioniq 5 N: programu inatengeneza gia nane ambazo hazipo, inakata msukumo kidogo unapobadilisha, inagonga kikomo cha mizunguko, na spika zinapiga sauti ya kuendana. Ni maigizo, ila yana kazi: dereva anajua yuko mwendo gani bila kutazama dashibodi, na anaweza kupanga breki kwa masikio.

Ya pili ni ya Ferrari. Wameweka kihisi cha mtikisiko kwenye ekseli ya nyuma kinachonasa mlio halisi wa mota na gia, wanauchuja na kuukuza, kama gitaa la umeme lisivyo na sauti mpaka upitishe nyuzi kwenye amplifaya. Mfano huo ni wao wenyewe. Ugumu ni kwamba mlio wa inveta ni mwembamba na unaudhi. Ukikuzwa bila kuchujwa unasikia mashine ya kuchonga meno.

Kasia za usukani za Ferrari hiyo (vibao vya nyuma ya usukani) nazo hazijifanyi gia. La kulia linakupandisha hatua tano za nguvu na msukumo, la kushoto linaongeza uzito wa breki ya mota. Hapo dereva ana kitu cha kufanya kwa mikono na hakuna aliyemdanganya.

---

Daftari_la_Madeni

Mafundi mmesema yenu, nami niseme ya hesabu, kwa sababu huko ndiko mipango mingi imevunjika.

Porsche walikabidhi Taycan 41,296 mwaka 2021, zaidi ya 911 mwaka huohuo. Mwaka 2024 zikawa 20,836, na 911 ikawa 50,941. Sababu ni kadhaa, soko la China likiwemo, lakini kuna moja inayoihusu kampuni yoyote ya kifahari. Taycan ya 2019 ilichajiwa kutoka 5% hadi 80% kwa dakika 22.5. Ya 2024 inakwenda kutoka 10% hadi 80% kwa dakika 18, kilele kW 320, na betri ya kWh 105. Aliyenunua ya kwanza kwa pesa nyingi akaona gari yake imezeeka siku moja, kama simu. 911 ya mwaka 1995 haijawahi kuzeeka hivyo. Mnunuzi wa gari hizi ananunua akijua anaweza kuiuza bila kulia, na betri imevunja mkataba huo.

Kwa hiyo ningekuwa mezani kwao ningeanzia mwisho wa maisha ya gari. Betri iwe inashuka na kufunguliwa, moduli ibadilishwe peke yake, na kuwe na ahadi ya maandishi kwamba pakiti mpya ya umbo lilelile itapatikana miaka 15 baadaye, ikiwezekana yenye seli bora. Ferrari wameanza kwa gari za haibridi (injini na mota pamoja): wana mpango wa dhamana ambao betri ya volti kubwa inabadilishwa mwaka wa 8 na tena mwaka wa 16. Kwa mkusanyaji hilo ni kubwa kuliko sekunde 0.2.

Pili, nini utengeneze mwenyewe. Seli usiziguse. Porsche walijaribu kupitia kampuni yao tanzu ya betri, Cellforce, na Agosti 2025 wakaachana na mpango wa kuzizalisha kwa wingi, kwa sababu bila mamia ya maelfu ya magari bei ya seli haishuki. Ferrari wananunua seli SK On ya Korea Kusini, lakini pakiti, mota, inveta na ekseli wanaziunda Maranello, kwenye jengo walilolifungua Juni 2024. Huo ndio mgawanyo wenye akili: nunua kemia, tengeneza kile dereva anachokihisi.

Tatu, usichome daraja. Lotus walitangaza umeme mtupu kufikia 2028 kisha wakarudi kwenye haibridi. Maserati waliifuta MC20 Folgore mwaka 2025 kabla haijatoka, wateja hawakuonekana. Porsche Septemba 2025 wakasema gari yao mpya ya juu (SUV) ya daraja la juu kuliko Cayenne, iliyopangwa kuwa ya umeme, itaanza na petroli na haibridi. Ferrari nao walikuwa wamesema 40% ya aina za magari yao mwaka 2030 zitakuwa za umeme, sasa wamesema 20%. Lamborghini ndio waliokwenda taratibu kuliko wote: Revuelto, Urus SE, Temerario, zote haibridi ya kuchomeka, na gari ya umeme wakaisogeza mbele. Betri ya Revuelto ni kWh 3.8 tu. Haikupeleki mbali, lakini inajaza msukumo wa chini wa injini, inarudi nyuma kimyakimya asubuhi, na mafundi wa kampuni wanajifunza volti kubwa bila kuhatarisha jina.

Sheria isikutishe kupita kiasi. Ulaya kampuni inayosajili chini ya magari 1,000 kwa mwaka haibanwi na malengo ya moshi, na za chini ya 10,000 zina nafuu hadi mwisho wa 2035.

---

DerevaWaLami

Nimeshiba. Mama Spana, swali la mwisho ni lako.

---

MamaSpana

Haya. Taycan za Japani na Uingereza kwa kawaida usukani uko kulia, lakini tundu la chaji ni tofauti. Ya Japani inakuja na CHAdeMO kwa chaji ya haraka na Type 1 kwa ya nyumbani. Ya Uingereza ina CCS2 na Type 2. Kubadilisha tundu si kazi ya kukata waya na kuunga: kuna kompyuta ya kuzungumza na chaja, nyaya za volti 800 na usajili wa programu. Chukua ya Uingereza hata ikizidi bei kidogo.

Nyumbani soketi ya kawaida ya ampea 13 usiivute zaidi ya ampea 10, ambayo ni kama kW 2.3. Betri ya 83.7 inataka saa 36 na zaidi. Weka chaja ya ukutani ya ampea 32 kwenye laini yake pekee kutoka bodi kuu, waya wa milimita 6 za mraba au 10 kama umbali ni mrefu, na kikata umeme cha uvujaji kinachohisi mkondo wa DC. Hapo unapata kW 7.4 na inajaa usiku mmoja. Fezi tatu zinakupa kW 11.

Kabla ya kulipa, peleka namba ya chasisi kwa wakala uulize kama marejesho yote (kampuni inapoita gari zirudi kurekebishwa) yamefanyiwa kazi. Mwaka 2024 Taycan zote duniani ziliitwa kwa ajili ya hozi za breki za mbele zinazoweza kupasuka, na kuna zilizoitwa pia kwa hatari ya shoti kwenye betri. Omba ripoti ya afya ya betri iliyotolewa na mashine ya wakala, usikubali picha ya dashibodi. Soma tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini gari ikiwa imetulia kwenye 50% hivi: milivolti chache ni sawa, moduli moja ikiwa peke yake chini ya wenzake, iache. Lala chini utazame bamba la sakafu. Likiwa na kovu la tuta au limebonyezwa na jiwe, betri ishushwe ikaguliwe kwa gharama ya muuzaji.

Na tairi. Gari ya kilo 2,300 ukiifunga tairi za bei rahisi zenye namba ndogo ya mzigo, ukuta wa pembeni unavimba ndani ya miezi. Fuata kibandiko cha mlangoni, namba ya mzigo isipungue hata moja.